Padre Siméon Lourdel, Aliyeitwa Mapera

Mwaka wa jubilei ni mwaka wa shukrani. Tena shukrani isiyo na kumbukumbu ni maneno matupu. Kwa hiyo yatupasa kuwataja kwa majina yao wale waliotangulia kulima shamba ambalo leo sisi twavuna. Miongoni mwao yuko mtu mmoja ambaye watu wa Buganda humwita baba yao katika imani, lakini sisi wa pande hizi za kusini mwa ziwa twamsahau mara nyingi, ingawa alipiga hema kwetu kabla hajafika kwao, na mara mbili alipofukuzwa kule alikimbilia kwetu. Mtu huyo ni Padre Siméon Lourdel. Waganda walisikia wenziwe wakimwita kwa Kifaransa kwa neno lenye maana ya baba yangu, nao wakalitamka kwa ndimi zao, likawa Mapera. Basi mtoto akiuliza katika mafundisho kama padre huyu alipewa jina la tunda, mwalimu amweleze asili yake.

Kuzaliwa kwake na safari ya kuja Nyanza

Lourdel alizaliwa tarehe 20 Desemba mwaka 1853 katika kijiji cha Dury, upande wa kaskazini wa Ufaransa. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alipokuwa kijana alisikia habari za shirika jipya lililoanzishwa mwaka 1868 katika mji wa Algiers na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao kwa ajili ya kanzu zao nyeupe huitwa Mapadre Weupe. Akajiunga nao, akajifunza Kiarabu, akazoea kula na kulala kama watu wa nchi, maana ndiyo amri aliyowapa Lavigerie: mmisionari asiwe mgeni daima kati ya watu anaowahudumia. Tarehe 2 Aprili mwaka 1877 alipewa upadre.

Mwaka uliofuata Lavigerie akachagua watu kumi awapeleke katika bara ya Afrika, watano waende Tanganyika, watano waende Nyanza. Mkubwa wa wale wa Nyanza alikuwa Padre Léon Livinhac, na wenziwe walikuwa Padre Girault, Padre Barbot, Padre Lourdel na Bruda Amans. Wakaondoka Ulaya mwezi Aprili 1878, wakashuka Unguja, wakavuka mpaka Bagamoyo, ambako mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa na misheni tangu mwaka 1868. Mwezi Juni msafara ukaingia bara.

Safari ile haikuwa ya raha. Walipita nyika za Ugogo kwa miguu, homa ikawashika, wapagazi wengine wakatoroka na mizigo, na kila mtemi akadai hongo yake. Padre Pascal, mkubwa wa wale wa Tanganyika, akafa njiani, akazikwa bila jeneza. Hata hivyo hakuna aliyerudi. Walipokwisha fika Tabora wakagawanyika, na wale wa Nyanza wakashika njia ya Usukuma. Tarehe 30 Desemba 1878 wakafika Kageye, kijiji kilicho ufukoni upande wa mashariki ya mji wa Mwanza wa sasa. Hapo ndipo misafara ya siku zile ilipotua mizigo na kutafuta vyombo vya kuvukia. Stanley naye alifika hapo mwaka 1875 na mashua yake, na wamisionari Waingereza wa kanisa la Kianglikana walipita hapo tangu mwaka 1877. Kwa hiyo jina la Kageye lastahili kukumbukwa katika kila parokia ya ziwa hili.

Mapadre hawakuwa na mashua, wala hawakujua kama Mutesa, Kabaka wa Buganda, angewapokea. Ikaamuliwa kwamba wawili watangulie. Wakachaguliwa Lourdel na Bruda Amans. Mwezi Januari 1879 wakaingia katika chombo kidogo, wakafuata ukingo wa ziwa, mchana wakivuta makasia na usiku wakilala ufukoni. Mwenye kujua ziwa letu wakati wa dhoruba ataelewa maana yake kukaa siku nyingi namna ile katika chombo kisicho imara. Tarehe 17 Februari wakashuka Kigungu, karibu na Entebbe. Lourdel alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano tu.

Barazani kwa Mutesa

Mutesa aliwapokea vema, akatuma mitumbwi kwenda Kageye kuwaleta wengine, nao wakafika mwezi Juni mwaka ule ule. Lakini katika baraza lake zilikuwako dini tatu. Waislamu walikuwako zamani, tangu siku za baba yake Mutesa, na wengi wao walikuwa wafanya biashara waliotoka pwani. Waanglikana walikuwako tangu mwaka 1877, na mtu wao hodari alikuwa Alexander Mackay, fundi Mskoti aliyejua kazi ya chuma, mbao na chapa. Sasa wakaja Wakatoliki. Mutesa alipenda kuwasikiliza wote wakibishana mbele yake, naye akawatumia wote kwa faida ya ufalme wake.

Hapa yatupasa kusema kweli, maana jubilei si siku ya kuficha. Lourdel na Mackay hawakupatana. Siku moja barazani Mackay aliongoza sala, na Lourdel akakataa kupiga magoti pamoja naye, akaeleza waziwazi kwa nini imani yake haikumruhusu. Kabaka akashangaa kuona watu wa Ulaya, wote wakimtaja Kristo, hawawezi kusali pamoja. Watu wale wawili walikuwa na bidii kubwa na moyo safi, lakini kila mmoja alimwona mwenziwe kuwa mpotoshaji wa watu. Ugomvi huo ulipandwa siku zile katika mioyo ya wanafunzi wao, na baadaye ulizaa matunda machungu, kama tutakavyoona.

Hata hivyo kazi iliendelea. Lourdel alijua kutibu, naye alimtibu Kabaka mwenyewe pamoja na watu wengi waliokuja kwake. Kiarabu chake kilimsaidia kujibizana na wanazuoni wa baraza, na Kiswahili kilimsaidia kufundisha, kwa kuwa wakuu wengi na vijana wa ikulu walikielewa. Tarehe 27 Machi mwaka 1880, siku ya Jumamosi kuu, wakabatizwa watu wanne wa kwanza. Wanne tu! Haba na haba hujaza kibaba. Lavigerie alikuwa ameamuru kwamba mtu asibatizwe upesi, bali apite miaka minne ya kungoja na kujifunza. Watu wengine waliona amri hii kuwa nzito. Lakini siku ya moto ilipokuja, ilionekana wazi kwamba nyumba ile ilijengwa juu ya mwamba.

Kukimbilia Bukumbi

Mwaka 1882 mambo yaliharibika. Mutesa alikuwa mgonjwa, moyo wake ukageuka kila siku, na maneno ya kutaka kuwaua mapadre yakasikika barazani. Mwezi Novemba wakaamua kuondoka kwa muda ili wasihatarishe maisha ya wanafunzi wao. Wakavuka ziwa pamoja na watoto waliokuwa wakiwalea, wakarudi kusini, na mwaka 1883 wakafanya makao Kamoga katika nchi ya Bukumbi. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa misheni ya Bukumbi, mama wa misheni zetu za Usukuma. Ilizaliwa kwa sababu ya mateso. Watu waliofukuzwa kwao walipata kwetu mahali pa kulaza vichwa vyao, na Mungu akageuza wakimbizi wale kuwa wajenzi.

Lourdel alikaa pande hizi za kusini karibu miaka mitatu. Lakini jambo kubwa zaidi la miaka ile lilitendeka Buganda penyewe, ambako hapakubaki padre hata mmoja. Nawaomba walimu wenzangu walitazame sana. Wakristo wale wachache, wengine wakiwa wamebatizwa miezi michache tu, walibaki bila Misa, bila kitubio, bila kiongozi kutoka nje. Katika ikulu Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyebatizwa mwezi Aprili 1882, aliwakusanya vijana na kuwafundisha. Andrea Kaggwa, mkubwa wa wapiga ngoma wa Kabaka, aliwafundisha watu nyumbani kwake, na penye maradhi aliwatunza wagonjwa. Mattia Mulumba, mtu mzima aliyekwisha kutafuta ukweli katika Uislamu na kwa Waanglikana kabla ya kubatizwa kwetu, alijenga jumuiya Mityana pamoja na Noa Mawaggali na Luka Banabakintu. Mutesa alikufa mwezi Oktoba 1884, na mwanawe kijana, Mwanga, akawaita mapadre warudi. Lourdel alipofika mwezi Julai 1885 alikuta kundi limezidi kuwa kubwa kuliko alivyoliacha. Makatekista walikuwa wamelilinda.

Siku za damu

Furaha ya kurudi haikudumu. Tayari mwezi Januari 1885 vijana watatu wa Kianglikana, Marko Kakumba, Yusufu Rugarama na Nuwa Serwanga, walikuwa wameuawa kwa amri ya Mwanga. Mwezi Oktoba Askofu Hannington wa Waanglikana, aliyekuja kwa njia ya Busoga, akauawa pamoja na wengi wa wapagazi wake. Mwanga aliogopa kwamba Wazungu wanakuja kuila nchi yake, na washauri wake waliikuza hofu hiyo.

Yosefu Mukasa alikuwa Mkatoliki, naye Hannington hakuwa askofu wake. Hata hivyo alimkemea Kabaka kwa kuua mgeni asiyesikilizwa, tena alikuwa amewakinga vijana wa ikulu na maovu ya bwana wao. Ikatokea pia kwamba Mwanga aliugua macho, Lourdel akampa dawa, na baada ya kuitumia Kabaka akajisikia vibaya zaidi. Maadui wakapata neno: wakasema Yosefu alitaka kumwua kwa sumu ya padre. Tarehe 15 Novemba 1885 Yosefu akauawa. Fikirini uchungu wa Lourdel, aliyeona dawa aliyoitoa kwa wema ikifanywa sababu ya kumwua mtoto wake katika imani. Na tazameni tena: Mkatoliki wa kwanza kufa katika Buganda alikufa kwa kumtetea askofu wa Waanglikana. Damu ya Yosefu ilikuwa imevuka mpaka ambao walimu wake walikuwa bado hawajauvuka.

Mwanga alidhani watu wataogopa. Usiku ule ule wanafunzi walikwenda kwa mapadre kuomba ubatizo, na mmoja wao alikuwa Karoli Lwanga, mzaliwa wa Buddu, nchi inayopakana na pande za Bukoba. Katika juma moja walibatizwa zaidi ya mia. Karoli akashika mahali pa Yosefu ikuluni.

Mwezi Mei 1886 hasira ya Mwanga ikawaka tena huko Munyonyo. Usiku wa tarehe 25, Karoli Lwanga, akijua kwamba kifo ki karibu na padre hawezi kufikiwa, akawabatiza yeye mwenyewe wanafunzi waliokuwa bado, na mdogo wao alikuwa Kizito. Asubuhi Kabaka akawaamuru vijana wajitenge, wenye kusali upande mmoja na wasiosali upande mwingine. Karoli akatangulia, wengine wakamfuata, Wakatoliki na Waanglikana pamoja.

Lourdel alisikia habari akaenda mbio mpaka lango la boma. Hakuruhusiwa kuingia. Akasimama nje, na watoto wake wakapitishwa mbele ya macho yake, wamefungwa kamba pamoja, wakubwa na wakubwa, wadogo na wadogo. Hawakulia. Kizito alikuwa akicheka kama kijana aendaye mchezoni. Padre hakuweza kuwakomboa wala kusema nao. Aliweza kuwabariki kwa moyo tu, na nguvu zikamwishia akaegemea ua. Baadaye aliomba kwa Kabaka uhai wao, hakusikilizwa. Kuna ushujaa wa kufa, nao ni mkubwa. Lakini uko pia ushujaa wa kubaki hai baada ya kuona hayo, na kuamka kesho yake kuwafundisha wengine. Huo ndio uliokuwa ushujaa wa Mapera.

Andrea Kaggwa aliuawa siku ile ile ya tarehe 26 Mei. Mattia Mulumba alikatwa viungo akaachwa kufa peke yake kwa siku kadhaa. Tarehe 3 Juni, sikukuu ya Kupaa Bwana, Karoli Lwanga na wenziwe wakateketezwa kwa moto Namugongo. Mahali pale pa kuulia palijua vilio vya zamani, kwa maana miaka kumi nyuma Mutesa aliwaua vijana Waislamu waliokataa kuitii amri yake iliyopingana na dini yao. Yafaa tulikumbuke hilo, ili tusidhani kwamba ni sisi peke yetu tulioteswa. Siku ile ya Juni Wakatoliki na Waanglikana walikufa katika moto mmoja, wakisali. Kwa jumla, tangu Januari 1885 hata Januari 1887, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 wahesabiwa kuwa mashahidi.

Mashua moja

Mwezi Septemba 1888 makundi ya dini zote yaliungana yakamwondoa Mwanga katika kiti, akakimbia. Mwezi wa Oktoba Waislamu wakashika serikali, Wakristo wenye vyeo wakakimbilia upande wa Ankole, na wamisionari wote wakakamatwa. Askofu Livinhac, Padre Lourdel na wenziwe wakafungwa katika nyumba moja pamoja na Waingereza wawili wa Kianglikana, Gordon na Walker. Misheni zote mbili zikaporwa. Watu ambao kwa miaka tisa walikuwa wakikwepana njiani, sasa wakalala juu ya udongo mmoja na kugawana chakula kidogo walicholetewa.

Baada ya siku kadhaa wakatiwa katika mashua ya Waingereza iliyoitwa Eleanor, wakaamriwa kuondoka. Mashua ilikuwa ndogo, nayo ilijaa wamisionari wa pande zote mbili na vijana wao. Walipokuwa njiani kiboko akaipiga kwa chini akatoboa ubao, maji yakaingia, mashua ikazama. Baadhi ya vijana wakafa maji. Waliookoka wakafika nchi kavu, wakaivuta mashua ufukoni, wakaziba tundu, wakatweka tena. Hakuna aliyeuliza tundu lile ni la Wakatoliki au la Waanglikana. Maji ya ziwa hayana dini: yakiingia, wote huzama, na yakizuiliwa, wote huokoka. Mwishoni wakafika pwani yetu ya kusini. Wakatoliki wakaenda Bukumbi, na Waingereza wakaenda Usambiro, alikokuwako Mackay.

Hali kadhalika kwa wale waliokimbilia Ankole. Wakatoliki na Waanglikana walifanya jeshi moja, wakamkubali mkuu mmoja, Honorat Nyonyintono, Mkatoliki aliyekuwa ameteswa vibaya mwilini katika siku za Mwanga kwa ajili ya imani yake. Alipouawa vitani mwaka 1889, wakamfuata Apolo Kaggwa, Mwanglikana. Hivyo umoja ni nguvu, na Wakristo wale walijua hayo walipokuwa hawana kitu kingine cha kutegemea.

Mgeni wa Bukumbi

Sasa twafika katika jambo ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko yote katika maisha ya Mapera, nalo lilitendeka hapa kwetu. Mwanga alipokimbia alivuka ziwa akafika Magu. Hapo alikuwa katika mikono ya wafanya biashara Waarabu, na hakuwa huru. Yule aliyewahi kuamuru watu wachomwe, sasa hakuwa na nguo ya kubadili wala mtu wa kumtegemea. Akaomba msaada kwa mapadre wa Bukumbi.

Mapadre wangeweza kukataa. Miaka miwili na nusu tu ilikuwa imepita tangu Lourdel aegemee ua wa Munyonyo. Alijua jina la kila kijana aliyepita mbele yake siku ile. Katika Bukumbi walikuwako watu waliowajua mashahidi hao na kula nao. Lakini wakampokea. Mwanga akakaa Bukumbi kama mgeni wa misheni, akalishwa, akavikwa, akaomba msamaha, na akasamehewa. Hakuna kati yao aliyejaribu kulipa kisasi. Walimu hufundisha amri ya kumpenda adui mara nyingi kila mwaka, na watoto huikariri upesi. Huko Bukumbi mwisho wa mwaka 1888 amri hiyo ilipewa chumba, kitanda na sahani.

Mwaka 1889 Mwanga akaondoka kusini katika chombo cha mfanya biashara Stokes, akajiunga na jeshi la Wakristo. Mwezi Oktoba akaingia Mengo, akafukuzwa tena, na mwanzo wa mwaka 1890 akakirudia kiti chake kabisa. Lourdel alirudi kwake kuwa msaada na mshauri. Nchi ilikuwa imeharibika kwa vita na njaa, na watu waliotaka kufundishwa walikuwa wengi kupita nguvu za mapadre wachache.

Kufa kwake na yaliyofuata

Lakini mwili wa Mapera ulikuwa umechoka. Miaka kumi na miwili ya homa, vifungo, safari na huzuni ilimaliza nguvu zake. Tarehe 12 Mei 1890 akafa Rubaga, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita. Mackay alikuwa ametangulia kufa Usambiro tarehe 8 Februari mwaka ule ule, akiwa na miaka arobaini. Hivyo wapinzani wawili wa baraza la Mutesa waliitwa katika mwaka mmoja, wakipishana miezi mitatu na siku chache, na wote wawili wakiwa kazini. Siku kumi na tatu baada ya kifo cha Lourdel, Askofu Livinhac alimweka wakfu Askofu Jean-Joseph Hirth hapa Bukumbi ashike mahali pake. Kazi haikungoja machozi yakauke.

Yafaa niseme pia yaliyotokea baadaye. Adui wa nje alipokwisha kushindwa, umoja wa mashua ukasahauliwa. Wakuu wa Kikatoliki na wa Kianglikana wakagombea vyeo na nchi, na tarehe 24 Januari 1892 wakapigana wao kwa wao Mengo. Watoto wa mashahidi wakawapiga risasi watoto wa mashahidi. Wakatoliki wakakimbilia Buddu na kuvuka mpaka, na katika mwaka ule misheni ya Kashozi ikaanza katika Bukoba. Mungu alitoa jema hata katika ubaya huo, lakini ubaya haukuwa jema kwa sababu hiyo. Mwanga naye aliishia uhamishoni Seychelles, akafa mwaka 1903.

Mashahidi 22 wa Kikatoliki walitangazwa wenye heri mwaka 1920 na watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Siku ile Baba Mtakatifu Paulo wa Sita aliwataja kwa heshima na wale Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristo. Hivyo jambo ambalo Yosefu Mukasa alilijua mwaka 1885, Kanisa lote lilisikia likitamkwa Roma baada ya karibu miaka themanini.

Basi, ndugu zangu, maisha ya Mapera yatuachia kazi tatu. Ya kwanza ni kwa walimu: tusilegeze mafundisho kwa haraka ya kuhesabu waliobatizwa, kwa kuwa wale wa Namugongo walisimama kwa sababu walifundishwa kwa subira, na wengi walifundishwa na makatekista. Ya pili ni kwa parokia: siku padre asipokuwako, Jumapili isiwe siku ya kulala, maana Kanisa la Buganda lilikua miaka mitatu bila padre. Ya tatu ni kwetu sote, nayo ni ngumu kuliko nyingine. Katika vijiji vyetu vya ufukoni twaishi na Waanglikana, na Wakristo wa makanisa mengine, na Waislamu, na wenye kushika mila za wazee. Twavua katika ziwa moja, twazikana. Ni rahisi kupatana wakati wa msiba, kama walivyopatana wale wa mashua ya Eleanor. Ni vigumu kupatana siku ya kugawana shamba, cheo au sifa, na hapo ndipo waliotutangulia walipoanguka.

Anayepita Bukumbi aingie kanisani amwombee Padre Siméon Lourdel, na wale vijana waliokufa maji ambao majina yao Mungu anayajua. Na kama ana mtu aliyemkosea, amkumbuke Mwanga aliyelala usingizi salama chini ya dari ya watu aliowaliza. Mungu awape marehemu wetu pumziko la milele, na mwanga wa milele awaangazie. Amina.